Kwa Miguu Hadi Maporomoko ya Ndido

Ukimwuliza mtu wa Mpanda kuna nini Hifadhi ya Taifa ya Katavi, atakutajia viboko kwanza. Pale Sitalike, Mto Katuma unapopungua wakati wa kiangazi, viboko hulundikana kwenye madimbwi mpaka migongo inaziba maji. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama, wakapiga picha, wakageuza gari. Wachache sana, wageni kwa wenyeji, hufika upande wa Lyamba lya Mfipa, ule ukingo wa bonde la ufa ambako vijito hushuka kwenye makorongo yenye miti na kuangukia miamba. Maporomoko ya Ndido yako huko. Chorangwa ni mengine ya hifadhi hiyohiyo. Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida, asiye mpanda milima, anayetaka kupita chini ya miyombo kwa miguu yake, asikie maji kabla hajayaona, na arudi salama.

Kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko mengine yote yaliyomo humu. Wepesi wa matembezi haya hautokani na urefu wa njia. Unatokana na mwezi uliouchagua na mtu unayefuatana naye. Korongo lilelile ambalo bibi wa miaka sitini hulimaliza polepole mwezi Juni linaweza kumshinda kijana mwezi Februari.

Mwezi kwanza, begi baadaye

Mvua za Katavi huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Februari na Machi maji huwa mengi na maporomoko hunguruma, na anayetazama picha tu atadhani huo ndio wakati wa kwenda. Lakini wakati huo nyasi zimempita mtu kimo, hujui kilicholala hatua tatu mbele yako. Udongo mweusi wa mbuga unakamata magurudumu. Miamba ya korongoni ina utelezi mchana kutwa, na mvua iliyonyesha juu, mbali na macho yako, inaweza kujaza kijito ghafla.

Oktoba ni kinyume chake. Nyasi hazipo, unaona mbali, ila jua linachoma, mbung'o wamekasirika, na kijito huenda kimebaki uzi wa maji. Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Maji yakipungua kila mahali, wanyama nao hukimbilia machache yaliyobaki, na dimbwi la kivulini ndani ya korongo ni mojawapo. Nyati anayetoka kunywa mahali pembamba hana pa kukupisha, wala wewe huna.

Kwa hiyo nenda Juni, au mapema Julai. Ardhi imekauka lakini vijito bado vina nguvu. Wanyama wametawanyika kwa sababu maji bado yako sehemu nyingi. Katika miezi hiyo pia watumishi wa hifadhi huchoma baadhi ya maeneo mapema, nyasi zikiwa bado na unyevunyevu, ili moto mkali wa Septemba na Oktoba usikute cha kula. Ukipita palipochomwa utaona majani mabichi yameanza kuchipua na swala wakiyafuata. Hewa ni ya baridi asubuhi, vaa sweta. Kama moyo wako unapenda miti kuliko maji, basi nenda mwishoni mwa Septemba, pale miyombo inapotoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba kabla hata tone la mvua halijaanguka. Mti unaovaa upya katikati ya ukame ni jambo la kuona angalau mara moja maishani. Ila maporomoko hayatakuwa yale.

Kutoka Mpanda hadi Sitalike

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mji wenyewe ulikua kwa sababu ya madini ya risasi. Ndiyo yaliyoleta reli ya tawi kutoka Kaliua, iliyofika hapa karibu na mwaka 1950. Treni bado ni njia nzuri ya kuja kutoka Tabora kwa mwenye subira, na mabasi yanakuja kutoka Tabora na Sumbawanga. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kijiji kilichoko mlangoni mwa hifadhi upande wa kaskazini, ni kama kilomita 37 za lami kuelekea kusini. Mabasi ya Sumbawanga yanayopita njia hiyo yatakushusha.

Usiende Sitalike asubuhi ileile unayotaka kutembea. Nenda siku moja kabla, ufike ofisi za hifadhi mchana, uzungumze na wahusika ana kwa ana. Uliza njia ya kwenda Ndido iko katika hali gani wiki hii, gari linafika wapi, na kutoka pale gari linapoishia mnatembea muda gani kwenda na kurudi. Majibu hubadilika kila msimu: mti umeanguka, kivuko kimechimbika, tembo wamehamia bondeni. Anayejua ni askari aliyepita huko juzi. Kama una watoto, uliza pia kuhusu umri unaoruhusiwa, kwa sababu matembezi ya miguu yana masharti yake tofauti na ya kutembea kwa gari.

Malipo ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) hayapokelewi kwa noti mkononi; unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au benki. Weka salio kabla hujatoka Mpanda. Chukua kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu Mtanzania na Mwafrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje. Nalisema hili kwa mkazo. Watu wengi wa Mpanda, walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa sokoni, wanaishi umbali wa chini ya saa moja kutoka moja ya hifadhi kubwa za nchi hii, yenye kilomita za mraba 4,471, na hawajawahi kuingia kwa sababu waliambiwa, au walijiambia, kwamba ni ya wazungu. Hifadhi hii ipo tangu 1974. Kiingilio kinalipika. Kinachouma ni gari, kwa kuwa huko ndani panahitaji gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Basi changeni. Kikundi cha kanisa, cha msikiti, cha vikoba, walimu wa shule moja: gharama ya gari ikigawanywa kwa watu sita inakuwa kitu kingine kabisa.

Mlale Sitalike, kwenye mabanda ya TANAPA au kwenye kambi ndogo za pale kijijini kando ya mto. Usiku mtawasikia viboko wakipanda kuja kula nyasi. Msitoke nje gizani na tochi kwenda kuwatafuta. Kiboko akiwa nchi kavu usiku, na wewe ukasimama kati yake na maji, hakuna mnyama hatari zaidi yake hapa.

Jambo dogo kwa wanaotoka Dar es Salaam au Arusha: huku ni magharibi mwa nchi, na mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi. Mkipanga kuanza saa kumi na mbili mtakuwa mnatembea gizani. Ondokeni Sitalike jua likichomoza.

Askari wenu

Ndani ya hifadhi hamtembei peke yenu. Mtapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha bunduki hiyo haihitajiki. Atawaeleza ishara za mkono kabla hamjaanza. Sikilizeni kama mnavyosikiliza rubani. Mnatembea mstari mmoja, yeye mbele, hamzungumzi ovyo, hamwachani. Akisimama, wote mnasimama, na hakuna anayeuliza “kuna nini?” kwa sauti. Akisema rudini nyuma polepole, mnarudi nyuma polepole. Kukimbia ni jambo baya kuliko yote mbele ya simba au tembo, isipokuwa yeye mwenyewe aamuru.

Mwambieni ukweli kabla ya safari. Mwenye pumu, mwenye presha, mwenye goti bovu, aliyeamka na homa, aseme mapema. Askari atapanga mwendo kwa kumfuata aliye dhaifu zaidi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mkimficha, atajua mkiwa katikati ya korongo.

Na mwulizeni maswali mnapopumzika. Watu hawa wanasoma ardhi: mavi ya tembo ambayo bado ni ya moto ndani, alama za kwato za swala kama korongo na palahala, gome la mti lililokwanguliwa. Matembezi yenye askari anayependa kufundisha ni darasa ambalo hulipati garini.

Nguo, ndorobo na upupu

Mbung'o, ambao huku wengi wanawaita ndorobo, ndio watakaowasumbua kuliko simba. Wanapenda vitu vinavyosogea, na rangi ya buluu na nyeusi huwavuta. Ndiyo maana mitego yao inayotundikwa porini hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Acha nyumbani jinzi ya buluu, kofia nyeusi na begi jeusi. Vaa rangi ya udongo au ya majani makavu, shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa kizito, kwa sababu ndorobo hutoboa kitambaa chepesi bila shida. Dawa za kupaka za mbu husaidia kidogo tu. Madereva wengine huchoma kinyesi cha tembo ndani ya kopo ili moshi uwafukuze. Kama wa kwenu anafanya hivyo, vumilieni harufu.

Suruali ndefu ina kazi nyingine. Mwisho wa mvua na mwanzo wa kiangazi ndio wakati wa upupu. Maganda yake yenye vinyweleo vya kahawia hukauka kwenye vichaka vya kando ya njia, na upepo kidogo tu au bega lililogusa huvimwaga. Ukiguswa, usikune. Ukikuna unavisambaza. Wenyeji wengi hupaka tope au majivu, wakaacha yakauke, kisha wakayakwangua pamoja na vinyweleo. Kabla hujashika tawi lolote ili ujivute juu, litazame kwanza.

Miguuni vaa buti au raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa. Viatu vipya ni adhabu. Ndala ziache kambini. Kifutu, nyoka mnene anayefanana na majani makavu, hana tabia ya kukimbia mtu; hulala palepale kwenye njia akisubiri. Buti linalofunika kifundo na macho yanayotazama mguu unapotua yatakuepusha na sehemu kubwa ya hatari hiyo. Usiruke gogo bila kuona upande wa pili. Panda juu yake kwanza, tazama, ndipo ushuke.

Chukua maji lita tatu kwa kila mtu. Chakula kiwe kisichoharibika: chapati, mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, na mgebuka wa kukaanga wa Ziwa Tanganyika ukiupata sokoni Mpanda. Funga kwenye kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na porini hata karatasi ya biskuti inarudi nanyi. Msiwape nyani kitu. Nyani aliyezoea kupewa leo atampora mtoto wa mtu kesho.

Chini ya miyombo

Sehemu ya kwanza ya njia ni msitu wa miyombo, na nawaomba msiupite haraka mkiwaza maporomoko tu. Ni msitu ulio wazi, mwanga unafika chini, na ukiutazama kwa haraka miti yote inaonekana sawa. Simama. Mninga utaujua kwa tunda lake la duara lenye bawa na miiba katikati. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao zake ndizo zilizotengeneza vitanda na milango ya nusu ya nyumba mnazozijua. Vichuguu vikubwa hubeba vichaka vyao, vizito kuliko msitu unaovizunguka, kwa kuwa udongo wa mchwa una rutuba kuliko wa jirani. Ukisikia ndege mdogo akilia kwa kung'ang'ania na kuruka tawi hadi tawi mbele yenu, huenda ni segu, anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Hapa ndani hamruhusiwi kumfuata, asali ya hifadhi haivunwi, lakini Wakonongo wa Inyonga, upande wa mashariki wa mkoa, wanajulikana kwa asali ya msitu wa namna hiihii, na chupa moja ya kurudi nayo nyumbani mtaipata Mpanda.

Mkikaribia kijito, miti inabadilika. Mikuyu inaanza, yenye mashina meupe na mizizi inayokumbatia mawe. Hewa inapoa. Hapo mmeingia korongoni.

Kuna la kukumbuka pia kuhusu heshima. Jina la hifadhi linatokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya kale, ambaye roho yake inasemwa hukaa kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Watu bado huacha sadaka pale wakiomba baraka. Kama ratiba yenu inawapitisha kwenye mkwaju huo, msiguse kilichowekwa, msipige picha za mzaha, na anayetaka kuuliza amwulize mwenyeji kwa adabu.

Ndani ya korongo

Hapa ndipo akili inahitajika zaidi, na sababu ya kwanza ni sauti. Maji yanayoanguka huziba masikio. Mlipokuwa msituni mlisikia tawi likivunjika mita mia mbali. Karibu na maporomoko nyati anaweza kusimama nyuma ya kichaka msimsikie, naye asiwasikie ninyi. Kwa hiyo msikimbilie mbele sauti inapoanza kukua. Simameni pale ambapo bado mnasikiana kwa kunong'ona, mwacheni askari atangulie, atazame kingo zote mbili, aangalie nyayo kwenye mchanga. Akiwapungia, ndipo mwende.

Miamba yenye rangi ya kijani au nyeusi yenye kung'aa isikanyagwe. Kanyaga iliyokauka na yenye kukwaruza. Mkono mmoja uwe huru wakati wote. Simu na kamera vikae mfukoni mpaka umesimama imara.

Kuogelea: hapana. Najua joto na najua picha zinazovutia. Dimbwi la chini ya maporomoko huficha mawe na kina chake hakionekani, mamba wa mabonde haya husafiri na maji, na kichocho hakihitaji dimbwi chafu ili kikupate. Manyunyu ya maporomoko yanatosha kukupoza. Simama upande upepo unakoelekea, utalowa vya kutosha.

Tazameni juu pia. Nyuki wa porini hupenda nyufa za magenge. Msipige kelele chini ya mzinga, msirushe mawe, na asubuhi hiyo msijipake manukato. Nyuki wakiwashukia, fungeni uso kwa shati na kuondoka moja kwa moja kurudi mlikotoka, bila kusimama kuwapiga. Na kama maji ya kijito yaliyokuwa meupe yanaanza kuwa ya tope, au yanabeba majani kwa wingi kuliko mwanzo, tokeni korongoni saa hiyohiyo hata kama anga juu yenu ni safi.

Kisha kaeni. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huikosa: wanafika, wanapiga picha, wanageuka. Kaeni nusu saa kwenye mwamba uliokauka, mle mihogo yenu, mtazame maji yanakokwenda. Eneo hili lote liko katika bonde la Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto wa kutoka. Tone linaloanguka mbele yenu halitafika baharini kamwe. Huko chini kwenye tambarare ndiko Katuma inakotambaa kupitia mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na huko ndiko nyati, twiga, tembo na viboko wanakosubiria kiangazi kiishe. Juu ya hifadhi, maji ya Katuma huchepushwa kumwagilia mpunga wa Mwamkulu na mashamba mengine. Mpunga huo unalisha Mpanda, na mkulima wake ana watoto wa kusomesha. Lakini viboko mia kwenye tope moja pale Sitalike, tunaowapigia picha kwa furaha, wamebanana hivyo kwa sababu maji hayawatoshi. Mtu aliyekaa juu ya Lyamba lya Mfipa akaona jinsi kijito kilivyo chembamba hata Juni, hawatazami tena wale viboko kwa macho yaleyale. Mwenye nafasi ya kusema neno kwenye kikao cha kijiji, kwenye kamati ya watumia maji au darasani, aseme alichokiona.

Kurudi

Geuzeni mapema. Mwe garini kabla ya saa tisa alasiri, ili mtoke porini na mwanga ukiwa mwingi. Msiendeshe usiku kwenye barabara zinazokata hifadhi. Tembo hana taa za nyuma, na twiga akivuka hakutazami.

Jioni mkaguane: kupe nyuma ya magoti na kwenye nywele, miiba, malengelenge. Palipoumwa na ndorobo patavimba na kuwasha siku mbili tatu, hilo ni la kawaida. Lakini ikitokea katika wiki zinazofuata pakafanya kidonda, au ukapata homa na kichwa kisichopoa, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulikuwa Katavi na uliumwa na mbung'o. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ni nadra kwa mtembezi, ila daktari wa mjini asipoambiwa ataishia kwenye kipimo cha malaria. Kipimo hicho nacho ukifanye.

Kama baada ya Ndido bado una kiu ya maporomoko, kusini yako Kalambo, kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko hayo, ndiko watafiti walikochimbua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu wa kale karibu miaka 476,000 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2023. Huko kuna ngazi ndefu za kushuka na kupanda, kwa hiyo magoti yapumzishe siku moja kwanza. Lala Sumbawanga, anza asubuhi kupitia Matai, na beba maji mengi kuliko ya Ndido, kwa sababu kupanda ndiko kunakokuja mwisho.